Sura Inayoazimwa

Mwaka 2021 Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, liliwarudisha wakongwe wake kazini. Catherine Kasavuli akaketi tena mbele ya kamera, miongo minne baada ya kuanza kazi papo hapo, enzi kituo kikiitwa Sauti ya Kenya. Badi Muhsin naye akarudi na Kiswahili chake kisicho na papara. Shirika lilikuwa na majengo, mitambo, na mawimbi yanayofika pembe za nchi ambako vituo vya kibinafsi havikuona faida ya kwenda. Kilichopungua ni watazamaji wa kuliamini kama zamani, na uongozi ulijua imani hiyo imehamia wapi. Ilikuwa imeondoka na watu.

Nilifurahi kama wengine, kisha nikaanza kujiuliza tulikuwa tunafurahia nini hasa. Muhsin alifariki Septemba 2022. Kasavuli alimfuata Desemba 29 mwaka huohuo, akiwa na miaka 60, na rambirambi zilizomiminika ziliwazungumzia kama jamaa wa nyumbani. Ripota haliliwi na taifa namna hiyo, ingawa ndiye aliyenyeshewa kwenye mafuriko ya Budalang'i na kunyang'anywa simu na polisi. Mpiga picha hatajwi kabisa. Mhariri wa zamu, aliyeamua habari ipi itangulie na ipi itupwe, anaweza kukaa nawe foleni moja benki usimtambue. Msomaji huingia jioni, huketi, huyatamka ya wenzake. Halafu akipita soko la Kongowea, Mombasa, ni yeye anayeongezewa embe.

Bibi yangu alikuwa akiuvuta mtandio vizuri kichwani kila msomaji mwanamume alipotokea, kwa sababu yule bwana alikuwa akimtazama. "Hamjambo watazamaji" ilijibiwa "Hatujambo, baba," kwa sauti, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kucheka. Msomaji akiwa mwanamke, bibi alimkagua kwanza: amejistiri, hakujistiri, amekonda, ana nini huyu leo. Habari zenyewe zilifuata baadaye. Sidhani bibi alikuwa mjinga wa mitambo. Alijua vizuri kwamba yule hamwoni. Adabu ilikuwa ya kumpa mtu aliyeingia sebuleni kila siku saa moja jioni bila kukosa, jambo ambalo baadhi ya wanawe hawakuweza.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu haina mazingaombwe. Mbele ya lenzi pana kioo, na kwenye kioo maneno hupanda polepole. Wageni wa kazi hudhani ni lazima wayakimbilie, kumbe anayeyapandisha ndiye anayemfuata msomaji. Akivuta pumzi, maneno humsubiri. Mezani pana karatasi zenye maneno hayohayo, naye huzifunua moja baada ya nyingine japo hazisomi. Sisi tulio nyumbani hudhani ni madoido. Ile ni bima: kioo kikizimika ghafla, mkono tayari uko kwenye ukurasa unaotakiwa. Sikioni ana kifaa kidogo ambamo mwongozaji wa matangazo anamhesabia sekunde, au anamwambia kwamba kanda ya Kisumu haijawa tayari, aruke aende Nakuru. Anaambiwa hayo huku mdomo wake ukiendelea kutueleza bei ya unga, na uso usionyeshe kwamba kuna mtu anayezungumza naye. Chini ya meza, kwa taarifa yenu, huenda amevaa jinzi na ndara.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego mmoja zaidi ambao mwenzake wa saa tatu usiku, anayesoma kwa Kiingereza, haujui. Hati huandikwa kwa tarakimu. Kioo kinamwonyesha 32, basi. Ni juu yake kuamua, kwa muda usiotosha kukohoa, kama ni visa thelathini na viwili, magari thelathini na mawili, watu thelathini na wawili au shule thelathini na mbili. Nomino amekwisha itamka, na tarakimu haimkumbushi. Anayesoma vizuri hatumwoni akifanya hesabu hiyo ya sarufi. Anayesoma vibaya tunamsikia papo hapo, na huku Pwani kuna wazee ambao wakikutajia jina lake huanza na kosa hilo kabla ya mengine yote. Na majina ya mahali je? Ukikitamka ovyo kijiji ambacho hakijawahi kutajwa kwenye televisheni tangu kiumbwe, umewanyima watu wake siku yao.

Haya ni madogo. Kubwa zaidi ni siku za misiba. Aprili 2, 2015, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa, idadi ya waliouawa ilikuwa ikipanda tangu asubuhi hadi usiku, na hatimaye ikafika 148. Kila taarifa ilileta nambari mpya, na kila nambari ilihitaji mtu wa kuitamka mbele ya wazazi ambao simu za watoto wao zilikuwa zikiita bila kupokewa. Ukiweka huzuni nyingi, unaigiza. Ukiisoma kama matokeo ya mpira, umewakosea waliokufa. Mahali pa katikati hapafundishwi darasani, na sijui kama pana jina. Msomaji mzuri hupafika kwa kufanya machache: anapunguza kasi kidogo, anaacha kimya kifupi baada ya nambari, anaendelea. Imani hujengeka hivyo, jioni baada ya jioni, mara nyingi kwa mambo ambayo mtu hakuyafanya. Hakucheka pasipo kuchekesha. Hakubahatisha. Hakutuonyesha anampigia nani kura. Baada ya miaka kumi anakuwa ameshika amana kubwa mno, na amana ikikua huvuta macho ya wasioiweka.

Leonard Mambo Mbotela aliyaona hayo kuliko yeyote. Alikuwa mtu wa redio zaidi, lakini Sauti ya Kenya ilikuwa na redio na televisheni chini ya paa moja, na kisa chake ni cha kila anayesoma habari kwa ajira. Alizaliwa Freretown, Mombasa, katika ukoo wa watumwa walioachwa huru. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Tangu 1966 Wakenya walikuwa wakimsikiliza katika kipindi chake Je, Huu ni Ungwana?, akiwakanya wanaosukumana kwenye foleni na wanaokula mbele za wageni bila kuwakaribisha. Alfajiri ya Jumapili, Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walioasi walifika kwake Ngara, Nairobi, wakamchukua hadi kituoni ili atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa.

Hebu tulifikirie jambo hili kwa utulivu. Waasi walikuwa na bunduki. Kituo kilikuwa mikononi mwao, na kipaza sauti pia. Miongoni mwao hakukosekana mwenye kuweza kusoma sentensi tano za Kiswahili. Hata hivyo, katika asubuhi ambayo kila dakika ilikuwa ya kufa na kupona, walitenga watu na gari kwenda kumgongea mlango msomaji aliyekuwa likizo yake ya Jumapili nyumbani. Walijua kwamba tangazo lao likisomwa na sauti ngeni, nchi itasubiri kusikia la pili. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu kwa serikali, wakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed, walikikomboa kituo. Wakamhitaji nani? Mambo akarudi hewani kutangaza kwamba serikali ya Moi, au Nyayo kama alivyoitwa, ipo. Pande mbili zilizokuwa zikiuana ziliafikiana neno moja tu, kwamba tangazo lisilosomwa na Mambo bado halijatangazwa.

Mambo alifariki Februari 2025, na katika miaka yote ile waliomhoji hawakuacha kumuuliza habari za asubuhi hiyo. Kipindi chake cha miongo mingi kilikuwa kazi yake mwenyewe. Lakini watu walitaka zaidi maneno aliyosomeshwa kwa mtutu.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, huko Tanzania, mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, Kenya ikiwa bado kwenye nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja hadi 1994, kwa kuwa utawala wa Mwalimu Nyerere uliiona televisheni kuwa anasa ya wachache. Kwa hiyo Dar es Salaam ilipoanza kutafuta wasomaji, macho yalielekea redioni. Sauti zilitangulia nyuso kwa miaka, na watazamaji wengi walikutana kwenye skrini na mtu waliyekwisha mjengea mwili wao wenyewe: mrefu, mnene, mwenye masharubu. Charles Hilary alikuwa wa kizazi hicho cha sauti. Alipita Radio One, akaenda Ujerumani, akaenda London kwenye Idhaa ya Kiswahili ya BBC, akarudi nyumbani na kuonekana Azam TV, kisha akamaliza safari yake Zanzibar akiwa msemaji wa serikali, kazi aliyokuwa nayo alipofariki Mei 2025.

Njia ya kutoka studio hadi Ikulu sasa imekwisha kanyagwa ikawa barabara. Kanze Dena aliiacha meza ya habari za Kiswahili ya televisheni ya Citizen mwaka 2018 akaenda kuwa sauti ya Ikulu ya Nairobi. Zuhura Yunus, mwanamke wa kwanza kuongoza Dira ya Dunia ya televisheni ya BBC, aliteuliwa mwaka 2022 kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais wa Tanzania. Kila uteuzi wa aina hii hufuatiwa na minong'ono kwamba fulani amenunuliwa. Mimi simo katika minong'ono hiyo. Mtu ana watoto, ana mkopo wa nyumba, na mikataba mingi ya vituo vyetu ni ya muda mfupi. Mwaka 2020 korona ilipokausha matangazo ya biashara, vyumba vya habari vya Nairobi vilikata mishahara na kupunguza watu bila kuangalia nani anapendwa na nani hapendwi. Tena, tuseme ukweli, msomaji anayekwenda Ikulu hahami mbali kama anavyohama ripota. Ripota alikuwa muulizaji na sasa atakuwa anajibu. Msomaji alikuwa akisoma vizuri yaliyoandikwa na wengine, na huko aendako atasoma vizuri yaliyoandikwa na wengine.

Kinachonikera kiko upande wetu sisi watazamaji. Kule studio, kati ya habari na msomaji palikuwa na mhariri, na nyuma ya mhariri palikuwa na ubishi: huyu amehojiwa, yule je? Imani yetu ilikuwa ya ule ubishi mzima, sisi tukaibandika kwenye uso mmoja kwa sababu ndio tuliouona. Uso ukihama, imani inahama nao, na ule ubishi unabaki nyuma bila mtu wa kuuulizia. Ikulu haziajiri wasomaji wa habari kwa ajili ya matamshi. Wenye matamshi mazuri wamejaa misikitini na kwenye kumbi za mashairi.

Kwa wanawake amana hii ina muda. Kasavuli aliingia kazini mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Kituo cha KTN kilipofunguliwa 1990 akawa mwanamke wa kwanza nchini kusoma habari za televisheni moja kwa moja, si za kurekodiwa. Kizazi kizima cha wasichana kilijifunza kukaa wima kwa kumwangalia yeye. Lakini mwanamume akiota mvi mezani pale huambiwa amekomaa. Mwanamke huanza kuulizwa, kwa upole, kama hajafikiria kazi ya ofisini. Kwa hiyo kurudi kwa Kasavuli akikaribia miaka sitini kulikuwa na uzito zaidi kuliko ile furaha yetu ya kukumbuka ya kale. Pale alikuwepo mwanamke wa makamo akisoma habari kwa sababu anaijua kazi, na nchi haikuanguka. Ningependa kuona hilo likiwa jambo la kila siku, lisilohitaji kubandikwa jina la wakongwe.

Wapo walioisoma hali mapema. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mke na mume walioanza kusoma taarifa ya Nipashe pamoja Citizen mwaka 2018, wana kampuni yao ya filamu, Jiffy Pictures, na tamthilia kama Maria, Zora na Sultana zimetoka humo. Watu huzungumzia mapenzi yao na mavazi yao, na mimi huzungumzia kampuni. Wameuchukua ule umaarufu wa kusoma maneno ya watu wakauweka kwenye kazi ambayo maneno yake ni mali yao. Si kila mtu ana mtaji wa kufanya hivyo, wala si kila msomaji ana hadithi. Ila nimeona wasomaji hodari, waliojulikana nchi nzima, wakitoka kituoni na boksi moja la vitu vyao, na baada ya miezi sita wanasherehesha harusi.

Na pamoja na ukubwa wote huo, habari kubwa kuliko zote hawaisomi wao. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 14, 1999, Rais Benjamin Mkapa mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa. Usiku wa Machi 17, 2021, aliyetokea kwenye televisheni ya taifa, TBC, kusema kwamba Rais Magufuli ameaga dunia alikuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan. Katika saa kama hizo msomaji hupisha. Akirudi hewani, kazi yake ni kurudia yaliyokwisha semwa, kutaja siku za maombolezo, kujaza saa ndefu zisizo na habari mpya. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko ile ya kutangaza, na hakuna anayeikumbuka.

Kuna pia siku za hofu, na kwenye televisheni za Nairobi hofu ilizidi Januari 30, 2018. Kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, alikuwa akijiapisha kuwa rais wa wananchi Uhuru Park, na serikali ikazima mawimbi ya NTV, KTN na Citizen. Wanahabari watatu wa NTV, Linus Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu, walilala ofisini wakihofia kukamatwa wakitoka nje. Madowo na Mijungu walikuwa nyuso za kila siku kwenye skrini. Mahakama ikaamuru vituo viwashwe, serikali ikajifanya haikusikia kwa siku kadhaa. Watu wengi walitazama kwa simu, kupitia YouTube, na hapo ndipo wengine tulipogundua kwamba hatujakosa sana ile televisheni yenyewe sebuleni. Tulikuwa tumeshazoea kuchukua habari kwa vipande: dakika mbili hapa, picha pale, klipu iliyotumwa na shemeji. Ikifika saa moja jioni kila mtu ana habari tayari, na msomaji anatufanyia kazi nyingine, ya kutuhakikishia kwamba tuliyoyaona mchana yametokea kweli.

Huduma hiyo ya kuhakikisha ndiyo inayoibwa sasa. Siku hizi huzunguka kwenye simu video za kughushi, zilizotengenezwa kwa akili unde, ambamo msomaji tunayemfahamu, kwa koti lake, kwenye meza yake na nembo ya kituo chake pembeni, anatangaza dawa ya kisukari au mchezo wa kubahatisha unaolipa mara kumi. Midomo inafuatana na maneno. Sauti ndiyo. Anayeghushi hahitaji bunduki wala gari la kwenda Ngara. Anahitaji saa kadhaa za taarifa za zamani, ambazo kituo chenyewe kimeziweka mtandaoni bure. Na anamchagua nani? Hamchagui mwigizaji maarufu wala mwanamuziki, ambaye tungemshuku. Anamchagua mtu ambaye kwa miaka kumi na tano hakuwahi kutuuzia kitu.

Ningekuwa wakili wa kijana anayeingia studio leo, ningeanzia hapo kabla hatujafika kwenye mshahara. Mkataba unaeleza vizuri nembo ni ya nani, jina la kipindi ni la nani, na akiondoka akae miezi mingapi kabla ya kuonekana kwa washindani. Je, sauti yake ikitengenezewa programu, ni ya nani? Akifa? Kituo kikiamua kwamba mashine isome habari za usiku wa manane kwa uso wake ili yeye alale, atalipwa kwa kulala? Haya si maswali ya kesho. Wahariri ninaozungumza nao wanayacheka kidogo, halafu wanauliza kama kweli inawezekana.

Kwa sasa dawa iliyopo ni kanusho. Kituo kinatoa taarifa kwamba video ile ni feki, na msomaji anarekodi dakika moja: yule si mimi, msitume pesa zenu. Analisema kwa koti lilelile, kwenye meza ileile, na kanusho linatufikia katika kundi lilelile la familia, chini kidogo tu ya ile video ya dawa. Shangazi yangu alizitazama zote mbili, akanipigia kuniuliza nimsikilize yupi.